Kamera Isiyoazimwa

Mfuko wa ngozi mmoja, mtupu. Ndivyo konstebo alivyoandika, kisha mtu akautupa nyuma ya kabati la vielelezo, chini ya tairi kuukuu na jerikeni la pombe ya chang'aa, na kwa siku kumi na mbili hakuna aliyeuuliza habari. Inspekta Ruth Wamalwa aliupata asubuhi ya Ijumaa, tarehe 24 Agosti 2001, alipokuwa akitafuta kitu kingine kabisa. Aliugeuza mikononi, akaufungua, akasoma kikaratasi kilichobandikwa ndani ya kifuniko. Akakisoma tena. Kisha akatamka neno ambalo mwalimu wa shule ya Jumapili hafai kulitamka, na Ruth alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili.

Mfuko ule ulitoka shingoni mwa maiti. Nashon Otiende, mpiga picha wa Kitengela, alikutwa Jumapili tarehe 12 chini ya timbo la mawe, futi arubaini kwenda chini, ukanda wa mfuko bado umemzunguka shingo. Kesi alipewa Inspekta Mkuu Odero, naye aliimaliza kabla chai yake haijapoa. Alimkamata Parsaloi ole Nkuito, ambaye shamba lake limepakana na timbo hilo, akamtia seli ya Kajiado. Sasa zilibaki siku tatu. Jumatatu Parsaloi angefikishwa kortini kushtakiwa kwa mauaji, na mshtakiwa wa mauaji hapati dhamana. Angekaa rumande miaka mitatu au minne, hata kama mwisho wake ungekuwa kuachiliwa.

Na ushahidi wa Odero ulikuwa nini? Picha moja. Picha ya rangi nyeusi na nyeupe, ukubwa wa postikadi, Parsaloi amesimama ukingoni mwa timbo, rungu juu, mdomo wazi. Ililetwa na Githongo, mwenye timbo lenyewe na broka wa ploti. Githongo alieleza katika taarifa yake, na kutia sahihi kila ukurasa, kwamba Jumamosi asubuhi aliazima kamera kwa Nashon ili apige picha ploti ya mteja; kwamba saa kumi alasiri alimwona Parsaloi akizungukazunguka timboni, akampiga picha; kwamba filamu aliiosha Nairobi, na aliposikia Nashon amekufa, dhamiri ikamsuta. Akaleta picha, negativu yake, na kamera. Odero alimpa mkono na kumwita raia mwema.

Parsaloi alisema Jumamosi hiyo alikuwa Rombo kwa dada yake, kule karibu na mpaka wa Tanzania. Hakuna konstebo aliyetumwa kwenda kuuliza. Rombo ni mbali, Odero alisema. Ruth alimjibu kwamba rumande nako si karibu, akaambiwa aache mdomo.

Basi alichukua mfuko, akachukua kamera, akachukua picha, akaweka sahihi yake kwenye daftari la vielelezo kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi, akaondoka na Land Rover ya kituo kwenda Kitengela.

*

Studio ya Nashon ilikuwa nyuma ya yadi ya mawe ya kujengea, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna mtu wa Kitengela aliyewahi kuyaona. Mjane wake Jacinta, anayeitwa Mama Sheryl kwa jina la bintiye wa kwanza, alikuwa akimpiga mzee mmoja picha za pasipoti. Alimaliza, akamsindikiza mzee hadi mlangoni, kisha akamtazama Ruth bila kumkaribisha. Ruth akauweka mfuko juu ya meza.

Jacinta aliushika, akapitisha kidole kwenye mishono.

"Mlikuwa nayo hii siku zote? Na mimi nikiuliza pale kaunta naambiwa hakuna kitu ya marehemu."

Ruth alisema kweli: ulikuwa nyuma ya kabati, na hakuna aliyeuangalia. Jacinta alitikisa kichwa polepole. Alikuwa amelia wiki mbili. Machozi yalikuwa yamekwisha na yaliyobaki yalikuwa ghadhabu tupu. Ruth aliielewa hali hiyo na wala hakujaribu kumtuliza. Alitoa kamera, akaiweka kando ya mfuko.

Ilikuwa Zorki, kipande cha chuma kizito chenye herufi za Kirusi mgongoni. Ami yake Nashon alisomea Kiev enzi zile, akarudi mwaka wa 1976 na shahada ambayo hakuna ofisi iliyoitaka, pamoja na kamera mbili. Ile ya kwanza, Zenit, ndiyo iliyokuwa pale kwenye miguu yake mitatu kwa kazi za studio. Zorki ilikuwa ya nje: harusi, mazishi, mifugo, mashamba. Nashon aliipenda kupita kiasi. Jacinta alisema hivyo bila kicheko.

"Hiki kikaratasi," Ruth alisema, akifungua kifuniko. Ndani palikuwa na maneno mawili kwa kalamu ya wino: VUTA KWANZA. "Ni cha nini?"

Kumbe kilikuwa na historia. Mwaka wa 1994 ndugu yake Jacinta, Melvin, aliiazima kwenda nayo harusini, akairudisha imekufa. Nashon alitafuta fundi mwaka mzima. Tangu siku hiyo Zorki haikuazimwa tena na mtu yeyote, hata pasta aliponyosha mkono.

"Hii kamera ya Warusi iko na tabia yake," Jacinta alieleza. Aliishika, kidole gumba juu ya mkono mdogo wa kuvutia filamu. "Kwanza unavuta huu mkono mpaka mwisho. Ndio sasa unainua hiki kigurudumu cha spidi na unazungusha. Ukizungusha kabla hujavuta, unasikia tu kraa. Meno ya ndani imekatika." Alivuta, akainua, akazungusha, akabonyeza. Kamera ikalia vizuri. "Mimi bibi yake, miezi mitatu ya kwanza sikuwa naishika kama hayuko hapo ananiangalia. Leo naambiwa ati alimpea Githongo."

Kulikuwa na jambo la pili. Chini ya mfuko palikuwa na skrubu ya shaba inayoishikilia kamera. Nashon hakuifungua ila wakati wa kubadilisha filamu. Alifungua kifuniko tu, akapiga picha, akafunga. Ruth aliikagua skrubu. Haikupinda, wala ngozi haikuchanika. Kamera haikuchomoka mtu alipoanguka. Mtu aliketi au alipiga magoti, akaifungua taratibu kwa vidole, akaacha mfuko ulipokuwa, kwa sababu Kitengela nzima iliujua ule mfuko.

"Alitoka nayo saa ngapi?"

"Jumamosi saa nane mchana. Ilikuwa kwa shingo. Na bahasha ya picha za Mei na negativu zake, za mashamba ya Parsaloi. Githongo alikuwa ametuma neno wakutane timboni waelewane." Jacinta aliirudisha kamera mezani. "Niliambia huyo mkubwa wenu. Akaniambia mjane huwa amechanganyikiwa, niende nipumzike."

Ruth aliuma meno. Katika taarifa zote alizosoma hakuona neno hata moja kuhusu bahasha.

Bahasha hiyo, Jacinta alisema, ilikuwa na picha za mawe ya mpaka. Githongo alikuwa akiyang'oa usiku na kuyapeleka mbele hatua kumi, hatua ishirini, timbo likimfuata nyuma. Parsaloi alimwajiri Nashon ampigie picha kila mahali jiwe lilipokuwa, ili akawasilishe malalamiko yake kwa afisi ya ardhi. Hapo Ruth alimpa ile picha ya rungu. Jacinta hakumtazama Parsaloi hata kidogo. Alitazama pembe ya juu, mkono wa kulia, angani.

"Hii ni ya Mei," alisema.

"Unajuaje?"

Alivuta sanduku la viatu kutoka chini ya meza, akapanga picha kama mtu anayepanga sahani. Kwaya, Pasaka, mwezi wa nne: angani, pembe ya juu kulia, nukta nyeupe ukubwa wa punje ya mtama. Ubatizo, mwezi wa tano: nukta ile ile, mahali pale pale. Siku ya wazazi shuleni kwa Sheryl, mwezi wa saba: anga safi.

Ndani ya kamera, alieleza, mna pazia la kitambaa cheusi linalofunguka na kujifunga picha inapopigwa. Mwezi wa tatu Nashon aliisahau Zorki juu ya boneti ya gari, lenzi ikitazama jua bila kifuniko, na jua likatoboa kitambaa kama lenzi ya kuwashia moto. Tundu dogo tu. Lakini kila picha iliyofuata ilipata nukta. Mwezi wa sita Jacinta mwenyewe aliliziba kwa gundi ya viraka vya baiskeli iliyochanganywa na masizi ya sufuria. Alifungua mgongo wa kamera, akamwonyesha Ruth kwa tochi. Kiraka kilikuwa palepale, cheusi, kimeshika imara.

Ruth aliitazama picha ya Githongo. Nukta nyeupe, pembe ya juu kulia. Picha haikupigwa Agosti, na huyo aliyeinua rungu hakuwa akimtisha mtu. Alikuwa akimwonyesha mpiga picha mahali jiwe la mpaka liliposimama.

Kwa Ruth kesi ilikuwa imekwisha. Kwa Odero ingekuwa masizi ya sufuria na maneno ya mjane, dhidi ya sahihi ya tajiri. Kabla ya Jumatatu alihitaji kitu ambacho Odero angekiona kwa macho yake mwenyewe, tena mbele ya watu. Alikuwa nacho, katika yale maneno mawili yaliyomkera tangu alipokisoma kikaratasi.

"Nitamwomba Githongo atuonyeshe alivyopiga," alisema.

Jacinta alielewa mara moja. "Na asipovuta?"

"Itavunjika."

Nje msumeno wa mawe ulianza kulia, ukanyamaza. Jacinta alisema kamera ile ilikuwa ya Sheryl. Baba yake alimwahidi akimaliza kidato cha nne, na mtoto alikuwa kidato cha pili, kila siku anauliza kama polisi wameirudisha. Fundi wa 1994 alishakufa. Siku hizi watu wananunua za plastiki.

"Unaniuliza ruhusa ama unaniambia?"

"Nakuuliza, Mama Sheryl. Ukikataa nitatafuta njia ingine. Sijui kama nitaipata kabla ya Jumatatu."

Jacinta alizirudisha picha sandukuni moja moja. Alisema Parsaloi alikuwa akija pale na maziwa kila Jumanne, bila kuombwa, tangu Nashon aanze ile kazi. Kisha akachukua leso yake, akafunga dirisha, akatafuta kufuli.

"Twende. Lakini nakaa ndani ya hiyo chumba. Nataka kumwona akiishika."

*

Waliketi saa nne na nusu katika ofisi ya Odero, Kajiado. Githongo alikuja na jaketi la ngozi na funguo za magari mawili mkononi, akamsalimu Odero kwa jina la kwanza. Alipomwona Jacinta alimpa pole. Jacinta akaipokea kwa kichwa tu. Njiani Ruth alimwomba jambo moja: lolote litakalotokea, asiseme neno mpaka liishe.

Odero alinong'ona akitaka kujua mchezo huu ni wa nini. Ruth alisema kwa sauti kwamba ni utaratibu wa kawaida. Shahidi anatambua kielelezo chake kabla ya korti. Taarifa ikasomwa upya, Githongo akaitikia kila kipengele.

"Mfuko wake ulikuwa nao?" Ruth aliuliza.

"Hapana. Nashon alinipatia kamera peke yake. Mfuko sijawahi kuona."

"Na kuitumia, ulijulia wapi?"

"Nashon mwenyewe alinifunza. Hiyo kamera nimetumia miaka mbili, madam. Nikiwa na ploti ya kuonyesha kastoma, naichukua."

"Siku hiyo uliweka spidi gani?"

Githongo aliinama, akasoma tarakimu juu ya kamera. "Mia mbili na hamsini. Jua ilikuwa kali."

"Sawa. Tuonyeshe. Iweke kwa mia mbili na hamsini, umpige picha Inspekta Mkuu pale dirishani, na tutaandika kwamba shahidi ameonyesha."

Odero, ambaye hajawahi kukataa kupigwa picha, alinyosha tai. Githongo aliichukua kamera. Aliipandisha jichoni, akaishusha. Kidole chake kikapita juu ya mkono wa kuvutia, kikaenda kwenye kigurudumu.

Ruth alimtazama Jacinta. Mwanamke yule aliyeliziba pazia la kamera ile alikuwa ameikunja leso na kuibana mdomoni kwa mikono miwili. Angeweza kusema neno moja. Hakusema.

Githongo aliinua kigurudumu. Tarakimu hazikulingana na alama, kwa sababu hazilingani kabla hujavuta. Alizungusha, kikagoma. Alitabasamu kwa aibu kidogo, akakaza vidole, akalazimisha.

Kraa.

Haikuwa sauti kubwa, lakini Odero aliisikia akageuka. Githongo alibonyeza kitufe. Kimya. Akavuta mkono, nao ukaenda na kurudi bila kushika kitu. Akaiweka kamera mezani na kusema kwa hasira kwamba polisi wameiharibu kwa kuiweka vibaya.

"Ilikuwa nzima saa mbili asubuhi," Ruth alisema. "Nilimwona Mama Sheryl akiipiga."

Ndipo Jacinta aliposhusha leso.

"Nashon hakukufunza. Kitu ya kwanza alikuwa anafunza mtu ni kuvuta. Hata hakuruhusu uulize ya pili kabla ujue hiyo. Miaka mbili, Githongo? Hata siku mbili hujawahi kuishika."

Githongo alisema alisahau. Kamera ni nyingi, mambo ni mengi. Ruth hakumpa nafasi. Aliweka picha za Pasaka na za Julai mbele ya Odero, ile ya Parsaloi katikati, akamwonyesha nukta na kumfungulia mgongo wa kamera aone kiraka. Alimwambia polepole, ili asipate kisingizio cha kutoelewa, kwamba picha hii ilipigwa Mei, tena na Nashon. Kwamba ilikuwa ndani ya bahasha ambayo Nashon alitoka nayo nyumbani saa nane ya siku aliyokufa. Na kwamba mtu aliyeileta kituoni aliitoa kwenye bahasha hiyo. Isingeweza kutoka pengine. Odero alizitazama picha muda mrefu kuliko alivyoitazama maiti.

Mwisho Ruth alitoa mfuko wa ngozi chini ya kiti, akaufungua, akausogeza hadi mbele ya Githongo.

"Nashon alikuwa ameandika," alisema. "Kila mtu anayeufungua anasoma. Vuta kwanza. Wewe uliifungua skrubu na hukusoma?"

"Ningesoma saa ngapi?"

Alisema kwa ukali, kama mtu anavyomjibu karani anayemchelewesha. Kisha akasikia alichosema. Akamtazama Odero, na Odero akatazama dirisha. Nje ng'ombe walikuwa wakilia upande wa sokoni.

"Mfuko hujawahi kuuona," Ruth alisema. "Umesema hapa sasa hivi. Inspekta Mkuu amesikia."

Alimfunga pingu yeye mwenyewe. Alizikaza jino moja zaidi ya inavyohitajika, na hakujutia. Kisha alimgeukia Odero na kumwambia kuna konstebo wawili pale nje na gari lina mafuta, na Rombo haijasogea. Odero aliandika amri bila kuinua kichwa. Ruth alikaa palepale mpaka akaandika na ya pili, ya kufungua seli.

Parsaloi alitoka akishikilia suruali kwa mkono, maana mshipi walimnyang'anya. Alikuwa amekonda. Alisimama mlangoni, macho yakiuma kwa mwanga.

"Sopa, Mama Sheryl," alimsalimu kwa Kimaasai.

"Epa," Jacinta aliitikia, akainuka kumpa kiti chake.

Kilichobaki kilikuwa karatasi. Kamera ingebaki kielelezo hadi kesi iishe, na Ruth alimweleza Jacinta hilo kwa uchungu, akijua kwamba jioni, nyumbani, naye atalazimika kumweleza Sheryl. Alijaza fomu. Kamera moja, Zorki, haifanyi kazi. Akaisukuma kwa Jacinta aweke sahihi.

Jacinta aliisoma, akairudisha.

"Hapo umeandika haifanyi kazi. Ongeza."

"Niongeze nini?"

"Andika ilikuwa inafanya kazi vizuri mpaka leo saa nne na nusu. Andika ni nani aliivunja, jina yake yote. Andika mwenyewe alikuwa hapo anaangalia na hakumkataza, na kwa nini."

Ruth alipindua karatasi, kwa sababu mbele hapakuwa na nafasi, akaandika yote. Jacinta alisimama juu yake hadi nukta ya mwisho. Kisha akaichukua kalamu na kutia sahihi.